Rubani Wangu na Simu za Fungate

Jumanne, 8 Aprili

Siku ya tano ya fungate. Nimeoga, nimejifukiza udi, nimepakwa liwa mpaka kwenye vidole vya miguu. Mume wangu anasinzia hapa pembeni. Mume wangu! Naandika tena: mume wangu. Shamte, rubani wa ndege za watalii, mtoto wa Nyamisati, amelala kwenye chumba changu hapa Kibiti na mkono wake uko juu ya goti langu. Sisogei, asije akauondoa.

Bi Tatu, somo wangu aliyenifunda tangu nilipovunja ungo, ndiye anayetuhudumia. Asubuhi supu ya kuku, mchana wali wa nazi. Anaingia bila hodi, anatoka anacheka. Simu zetu alizichukua siku ya kwanza akazitia kwenye mkoba wake. "Fungate ya watu wawili," alisema. "Hawa wengine wanaolialia siwataki."

Shamte hakubisha hata kidogo. Kwa hilo nilimpenda mara mbili.

Ijumaa, 11 Aprili

Fungate imekwisha. Bi Tatu amerudisha simu. Ya Shamte ilipowashwa ikatetemeka kama yenye homa. Ofisini kwao wamempigia mara kumi na nne. Meseji ya mwisho inasema marubani wafike Dar, Jumatano saa tatu, kampuni inapunguza watu, asiyefika asije akalalamika. Jumatano! Tulikuwa tunakula halua.

Masika haya watalii hawaendi mbugani. Ndege sita zitabaki tatu. Marubani wa tatu hizo nyingine waende wapi?

Nilimuuliza kama amesemwa vibaya kwa kutofika. Aliinama. "Labda," alisema.

Labda! Nimeolewa wiki moja. Sitaki labda.

Jumatatu, 14 Aprili

Aliondoka alfajiri kwenda Dar. Saa saba mchana akapiga. Jina lake limo kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Kazi mwisho tarehe thelathini.

Miaka yote ya chuo, saa zote za kuruka, mistari mitatu mabegani, halafu wamfute kwa sababu ya kikao kimoja. Na kikao alikikosa kwa sababu ya bibi mmoja na mkoba wake.

Nilikwenda kwake hapo hapo, ushungi umekaa upande. Alikuwa anapepeta mchele na wanawake wengine watatu. Sikusalimia. Nikamwambia amenivunjia nyumba kabla sijajua hata madirisha yake yanafungwaje.

Aliweka ungo chini. "Mwari wangu, sikujua kazi ya mwenzio inapita humo kwenye simu."

Nikamjibu kwamba kazi za watu wenye akili zote zinapita humo. Ndivyo nilivyosema, na sijutii.

Alhamisi, 17 Aprili

Habari zimefika mpaka Umwe. Kuna harusi kule mwezi ujao, na mama wa bibi harusi amemwacha Bi Tatu, amechukua kungwi mwingine. Wanasema mkono wake unafukuzisha waume kazi. Dada yangu ndiye aliyenieleza, tena kwa huruma. Mimi nimefurahi. Daftari hili ni langu peke yangu, kwa hiyo naandika: nimefurahi.

Jioni wifi yangu kapiga kutoka Nyamisati. "Wifi, kaka yetu alikuwa anaruka vizuri tu kabla ya kukuoa."

Nimemkatia simu. Nimetwanga kisamvu mpaka mama akauliza kinu kimenikosea nini.

Jumapili, 20 Aprili

Amerudi! Siku tatu za mapumziko. Alivyoshuka kwenye gari na ile sare nyeupe, nilisahau kila kitu, nilisahau hata viatu. Ana harufu ya sabuni na ya mafuta ya ndege. Ningeweza kuiweka kwenye chupa.

Baada ya chakula baba alimuuliza mbele ya wageni kama kweli ni zile simu. Baba yangu huyu, ambaye tangu posa hajui kusema neno jingine ila "mkwe wangu rubani".

"Ndiyo, baba," Shamte alijibu. "Ni zile simu."

Wageni wakatikisa vichwa. Mmoja akasema wazee wa kike siku hizi wapumzike. Mimi nilimshika mume wangu mkono chini ya meza na kuwalaani wote waliomwonea.

Jumanne, 22 Aprili

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Shamte alikuwa anaoga. Aliniomba nimtolee leseni na cheti cha daktari kwenye begi, avipige picha, awatumie kampuni nyingine. Marubani hupimwa afya kila mwaka, wasipopita hawaruki. Nilivikuta ndani ya bahasha. Nyuma ya cheti kulikuwa na barua ya kampuni yao.

Ya tarehe tatu Machi. Inasema nafasi yake inaondolewa mwisho wa Aprili, kwa kuwa ni miongoni mwa walioajiriwa mwisho. Chini amesaini kwamba ameipokea. Saini yake naijua, ndiyo ile iliyo kwenye cheti chetu cha ndoa.

Machi! Mwezi mzima kabla ya harusi. Kikao cha Jumatano kilikuwa cha kukubaliana siku ya kurudisha sare na vitambulisho, kimeandikwa humo humo. Angefika au asingefika, kazi ilikuwa imekwenda.

Ndiyo maana hakubisha simu zilipochukuliwa. Hakutaka ziite.

Nimeirudisha barua mahali pake. Nimempa leseni na cheti. Akasema, "Asante, mke wangu." Nilitaka kumtupia sahani.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemwambia.

Hakukana. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema mahari ilikwishapelekwa, kadi zilikwishagawiwa, na baba asingemwoza binti yake rubani asiye na ndege. "Ningekwambia, ungekubali?"

Ningekubali! Nilipiga kelele, mama akasogea dirishani. Ningeolewa nawe ukiuza kamba sokoni, Shamte. Ningeolewa nawe ukisukuma toroli. Wewe ndiye unayedhani nimeolewa na sare.

Kisha nikanyamaza, kwa sababu ile sare naipenda. Naipenda sana. Nimepiga nayo picha nyingi kuliko nilizopiga na yeye. Hilo nalo limenikasirisha, sijui nimkasirikie nani.

Lakini kazi kuondoka si kosa lake. Kosa lake ni kumwacha mwanamke wa miaka sabini na mbili abebe lawama za kampuni nzima, na kuniacha mimi nimtukane kwa niaba yake. Nimemwambia ukweli huo autoe mwenyewe, kwa Bi Tatu, mchana, watu wakiwepo. Asipokwenda, mimi sitapanda gari la Dar kumfuata kwenye nyumba yoyote.

Ameondoka bila kula. Ijumaa atarudi, au hatarudi.

Ijumaa, 25 Aprili

Alirudi. Alitoka msikitini akaja moja kwa moja, bado na kanzu. Tulikwenda pamoja, baba nyuma yetu, hajui anapelekwa wapi.

Uani kwa Bi Tatu walikuwapo wanawake wanane au tisa, wanasuka ukili. Shamte alipiga magoti juu ya majani ya ukindu. Akasema yote: barua, Machi, saini, uongo mbele ya wageni. Baba aligeuka akatazama ukuta.

Bi Tatu aliendelea kusuka hadi Shamte alipomaliza. "Siku kumi na moja," akasema, "siku kumi na moja nzima mimi naamini nimeangusha ndege kwa mkoba."

Kuna aliyecheka, kisha wote. Hata Shamte alitaka kucheka. "Wewe usicheke," Bi Tatu akamwambia. "Inuka. Kesho utanipeleka Umwe ukayarudie haya, neno kwa neno."

Mimi nilisema samahani, somo. Alinisogezea fungu la ukindu nianze kusuka. Nikasuka mpaka alasiri, vibaya, akawa anafumua.

Nilistahili.

Jumatano, 30 Aprili

Siku ya mwisho ya kazi. Amefika saa kumi na moja na begi dogo. Sare imebaki ofisini. Amevaa shati la mistari ambalo sijawahi kuliona, limekunjamana.

Walio Umwe wamekubali kumrudisha Bi Tatu. Baba anaongea na Shamte kwa maneno machache, lakini anaongea. Kampuni mbili alizoandikia hazijajibu. Wiki ijayo tunahamia Nyamisati, atamsaidia baba yake dukani huku anangoja. Wifi atanipokea. Tutaonana.

Bado nina hasira. Imepungua, haijaisha, na nimemwambia hivyo.

Nimepika wali na kamba wa nazi. Tumekula wawili tu, mvua inanyesha, mlango wazi. Tangu tuoane kila ninachopika anasema kitamu. Leo nilimuuliza kama kawaida. Alitafuna, akanitazama, akafikiri.

"Chumvi imezidi," alisema.

Nilionja. Imezidi kweli. Nikaongeza tui, tukaendelea kula.