Mama Aika, Uliyepandisha Bei Peke Yako Mnadani

Hukuwa na ofisi, Violet, Mama Aika wetu. Hukuwa na gari, wala cheo, wala kadi ya shirika lolote la haki za binadamu. Sheria hukuisomea. Sasa mwaka umetimia tangu ulipotutoka, na bado watu wanabisha hodi hapa mtaani Kwa Mrombo wakiuliza, "Mama wa wageni yupo?" Nawajibu hayupo, kama vile umeenda sokoni.

Wageni ni wale waliovuka mpaka wakikimbia vita, wakapanga vyumba mtaani kwetu. Wapo waliowaita watu wa kuja na kuwaruka zamu bombani. Wewe ulisimama nao foleni mpaka ndoo zao zikajaa. Hukugombana na mtu. Ulisimama tu.

Tunakumbuka Jumapili ile ya mavuno. Evelyn, mjane kutoka Burundi, alileta sadaka yake ya kwanza, kikapu cha maharage. Baada ya ibada vitu vikanadiwa nje ya kanisa kama kawaida. Kuku na ndizi viligombaniwa. Kilipoinuliwa kikapu cha Evelyn, kimya. Ukataja bei. Kimya. Ukaipandisha mwenyewe.

"Mama Aika," akasema mzee Yona aliyekuwa akinadi, "bei ya kwanza ni yako. Sasa unashindana na nani?"

"Na hawa waliofunga midomo. Endelea kunadi."

Ulipopandisha mara ya tatu watu wakaanza kucheka. Ndipo Koikai, yule mfugaji jirani yetu, akasema, "Huyu mama atafilisi nyumba ya mzee wa watu. Ongeza hapo, kikapu changu." Wiki iliyofuata alimuuliza Evelyn kama anayo maharage mengine.

Barua za wageni tuliziandikia nyumbani: wewe ulisema, mimi niliandika. Barua rasmi nilijifunza shule ya jioni, na mwandiko wangu najivunia mpaka leo. Ulisimama nyuma ya kiti ukisoma. "Toa hilo neno, Baba Aika, linanyenyekea mno. Hatuombi huruma sisi."

Mwaka huu sijui umepitaje. Kitanda natandika, upande wako unabaki ulivyo. Chai nakunywa. Sijalia bado, na watoto wananiangalia.

Kibali cha Evelyn cha kuishi nchini kinaisha mwezi huu. Asipoongezewa, yeye na wanawe watarudishwa kule ambako hawana nyumba wala ndugu aliyebaki. Anahitaji barua ya majirani wanaomfahamu. Nimeiandika. Neno la kunyenyekea halimo.

Wanaokukumbuka ndio waliotia saini barua hiyo: mimi mumeo Aristides, wanao Aika na Sylvanus, na dada yako Elihuruma. Wajukuu nao wakataka, wakaandika majina yao pembeni kwa penseli. Sikuyafuta.

Hutatoka mioyoni mwetu, Mama Aika, siku zote tulizobakiziwa.

Asubuhi hii nimeifunga bahasha yake, nikaikandamiza kwa kiganja hadi gundi ikashika. Aika ameshaipeleka posta.