Kigingi cha Soko

Balambala, 9 Machi 1965
Asubuhi ilikuwa na mawingu mepesi na upepo wa kutoka mtoni.

Mpendwa Rage,

Amani ikufikie huko uliko. Sisi ni wazima, na yule ngamia mwekundu amezaa. Askari walikuulizia tena. Nikawaambia uko Mombasa kazini.

Leo vigingi vya soko la mifugo vilifika kwenye kaburi la Nunow wetu. Ramani ilichorwa mwaka jana na ofisi ya jimbo, ambako hakuna anayetujua. Sasa kupanga ardhi ni kazi ya baraza letu, basi diwani Dekow alikuja mwenyewe kwa miguu. Alipoona uzio wa miiba, alivua viatu.

"Nani amelala hapa?"

"Mwanangu, adeer," nikajibu, nikimwita ami kwa heshima.

Mpimaji akalalamika, "Lakini mzee, mstari umeshachorwa!"

"Chora mwingine. Kwani wino ni wako?"

Kisha akainama, akang'oa kigingi kwa mikono yake, akaenda kukisimika mbali, ng'ambo ya njia ya ngamia. Rage, sikujua kwamba serikali inaweza kuinama.

Jana sikupata usingizi kwa kuwaza vigingi hivyo. Leo nazima taa saa mbili.

Mkeo,
Jawahir