Baba, Mtaro Ule Haukuwa wa Mama

Baba mpendwa, shikamoo.

Huku Karatu hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamesimama, na barabara ya Oldeani ni ile ile, ukipita na jino bovu linang'oka lenyewe. Nakuandikia kwa sababu picha yako imeshuka ukutani, na aliyesababisha ni mimi. Kaa vizuri huko uliko, maana sehemu ya habari hii hutaipenda, na sehemu nyingine uliniagiza mwenyewe.

Picha unaikumbuka kuliko mimi. Uliikuta kwenye gazeti la zamani, chini ya kiti cha lile gari la kijani, siku uliyolinunua kutoka shamba la kahawa. Tangazo la gari. Mama wa Kizungu mwenye midomo myekundu na glavu nyeupe mpaka viwikoni ameshika usukani kama anashika sufuria ya moto. Nje amesimama mumewe, kiko mdomoni, anacheka. Chini pana maneno ya Kiingereza ambayo wewe, kwa Kiingereza chako cha kufanya kazi kwa mzungu, ulisema maana yake ni hii: "Gari hili ni gumu. Hata mke wako hataweza kuliharibu." Ukaikata kwa wembe, ukaitia fremu, ukaitundika gereji juu ya meza ya spana. Kila dereva aliyekuja kupiga grisi alisomewa kwanza. Na tafsiri ikawa inakua. Nilipomaliza darasa la saba, yule mama alikuwa ameshagonga ng'ombe wawili na ukuta wa kanisa, na gari halina hata mkwaruzo.

Siku moja mama alileta chai, akaweka chupa mezani, akaitazama picha kwa muda mrefu. "Huyu mama anakwenda wapi?" akauliza. Hakuna aliyejua. Miaka yote mlikuwa mnamcheka na hamkuwahi kujiuliza. "Amevaa glavu," mama akasema. "Huyu anakwenda kubadilisha tairi. Huyo mwanamume ndiye kasimama tu." Mafundi wote wakaangalia ndani ya vikombe vyao. Wewe ukakohoa kile kikohozi chako cha kuulizwa na mchungaji mbona huonekani ibadani.

Sasa tuje kwenye mtaro, Baba. Najua ungependa tuuruke.

Tulikuwa tunatoka harusini Kansay, Jumapili. Wewe kwenye usukani, mama pembeni yako, mimi nyuma nimempakata jogoo tuliyepewa. Mvua ilikuwa imepita na udongo mwekundu unateleza. Ulikuwa umevaa kofia yako ya sherehe, na ulikuwa na ule ugonjwa wako wa salamu, mtu hawezi kupita umbali wowote bila wewe kutoa mkono dirishani. Pale kwenye kona ya chini ya kanisa ulimwona mtu kule juu kabisa kwenye maharage. Ukampungia mkono wa kulia. Halafu, kwa heshima zaidi, ukamvulia kofia kwa mkono wa kushoto. Mimi niliona. Usukani ulibaki peke yake. Gari likaingia mtaroni polepole, bila haraka, kama mtu anayekwenda kulala.

Ulishuka, ukakata matawi, ukayapanga barabarani nyuma yetu kama madereva wanavyofanya gari likikwama. Kisha ukamwambia mama, "Hamia huku ushike usukani, unyooke. Mimi nasukuma." Mama akahamia. Ndipo watu wakatoka kanisani. Wakakukuta wewe nyuma na tope magotini, na mama kwenye usukani. Jirani yetu Mzee Bura akapiga makofi. "Kumbe umempa mama gari." Nilisubiri useme hapana. Ulifuta tope usoni, ukatabasamu, ukasema, "Si mnaijua ile picha."

Walicheka mpaka wakachelewa kusukuma. Aliyelitoa gari mtaroni, akiwa amelinyoosha bila kugusa jiwe hata moja, alikuwa mama, lakini hilo halikuingia kwenye hadithi. Kuanzia siku hiyo akaitwa Mama Mtaro. Siku za mnada walimwita kutoka ng'ambo ya pili: "Mama Mtaro, leo umekuja kwa miguu? Afadhali." Aliitika, akaendelea kuchagua vitunguu. Wewe wiki ile ulimletea kitenge, na wiki iliyofuata kingine. Cha pili alikishona pazia la gereji na kukitundika karibu kabisa na picha, uwe unaviona vyote kwa pamoja.

Nimeufikiria sana utani ule, Baba. Ulitungwa huko mbali ili kuuza gari. Gari likauzwa, likazeeka, mzungu aliyelinunua kwanza akarudi kwao, na utani ukabaki chini ya kiti unasubiri mwanamke wa kumwangukia. Ukampata mama, ambaye hata glavu hakuwahi kuwa nazo. Na mimi nilikuwa nacheka pamoja nanyi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sikatai, ulijaribu kulipa kwa njia yako. Ulinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, ukipiga kelele mpaka wachezaji wakatoka wenyewe. Ulitaka kumfundisha na mama, akakataa. "Mimi jina ninalo tayari," alisema. Leo nashusha watalii kwa gari kreta, lile bonde la wanyama, karibu kila siku, na kila nikianza ule mteremko nakusikia: "Gia ndiyo ikushushe, siyo mguu." Madereva wenzangu wakiniona walikuwa wakisema, "Mpisheni, huyo ni binti wa Mama Mtaro." Nami nilipunga mkono. Mmoja tu, Baba.

Halafu hospitali. Ulinishika kidole, ukasema, "Wewe ulikuwa nyuma. Uliona."

"Niliona, Baba."

"Nikiondoka uwaambie. Mimi kila nikifungua mdomo niseme, nacheka."

Nilikuahidi. Msibani msemaji wa ukoo akasimulia habari ya mtaro, watu wakacheka huku wanalia, na mama akawa anatikisa kichwa ndani ya khanga yake. Nilisimama niseme. Nikasema nakwenda kuangalia kama wali umeiva. Nisamehe, niliogopa kukuaibisha na udongo wako bado mbichi.

Sasa mwezi uliopita loji moja ya huku juu iliomba gari lako likae getini kwao, wageni wapige nalo picha. Afisa wao wa masoko, kijana mwenye viatu visivyojua tope, akaiona na picha ya gereji, akafurahi mno. Akasikia na habari ya Mama Mtaro. Akataka siku ya kulizindua mama akae kwenye usukani amevaa glavu nyeupe, kama yule wa kwenye tangazo. "Itachekesha sana, dada," akaniambia. Nilidhani mama atamfukuza. Mama akauliza glavu ni saizi gani.

Siku yenyewe walikuja majirani, madereva, wanakwaya, na Mzee Bura na fimbo yake. Mama amekaa kwenye usukani, glavu zimempwaya. Yule kijana akaisoma picha, watu wakacheka, Mzee Bura akaanza, "Siku ile ya mtaro mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika." Hapo nikamkatiza mzee wa watu. Nikasema aliyekuwa anaendesha ni Baba. Nikasema yote, salamu, maharage, na kofia.

Mzee Bura akavua kofia yake, akaiangalia, akairudisha kichwani haraka. "Kwa hiyo mama," akasema, "miaka yote hii mbona hukusema?"

"Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe," mama akajibu. "Nilimwachia nafasi kila siku aliyokula chakula changu."

Baba, sikuwahi kusikia sauti yake ikiwa vile. Nililia mbele ya watu wote.

Yule kijana, ili kuokoa shughuli, akamwomba mama ashuke, wanaume wasukume gari mpaka kwenye jukwaa lake. Mama hakushuka. Alivuta glavu zikakaza. "Sukumeni," akasema. "Mimi ndiye ninayejua kunyoosha." Wakasukuma, Mzee Bura akiwa mbele ya wote, na gari likapanda jukwaani kwenye mbao mbili nyembamba bila kugusa ukingo. Wanakwaya ndio walioanza kupiga vigelegele.

Picha mama ameichukua. Iko jikoni, na amemchorea yule mume wa kiko matawi mikononi ili na yeye awe na kazi. Jina halijafa, limehamia kwako: mnadani sasa unaitwa Marehemu Baba Mtaro. Pole, lakini uliniagiza mwenyewe.

Nimemuuliza mama ana neno gani la kukuambia. Amefikiri sana huku anapepeta. Amesema amekusamehe, na kwamba siku mtakapokutana huko, wewe utasukuma.

Ni mimi binti yako,
wa kiti cha nyuma.