Nguzo za Kimbilio la Char Golbunia

Char Golbunia, 9 Februari

Mpwa wangu Rehnuma,

Assalamu alaikum. Huku tumeamka salama, ila goti linanisumbua na mkazamjomba wako Jobeda anasema ni uvivu tu. Kile kifua ulichokuja nacho kimepona?

Tangu uondoke watu hawana mazungumzo mengine. Haripada muuza samaki anasema, "Binti aliyelelewa na Jobeda kasoma hadi mjini, karudi kupapasa nguzo kama mganga." Nikamwambia hukuwa unapapasa, ulikuwa unapitisha umeme ndani ya zege. Akaniuliza, "Umeme unaingiaje kwenye jiwe?" Hilo utamjibu wewe. Kile chombo chako cha vijiti vinne kilisema nini? Niliona uso wako ulivyobadilika pale chini ya jengo. Mimi ndiye mshika ufunguo wa kimbilio. Tufani ikija, kijiji kizima kinakimbilia kwangu. Niambie.

Jobeda amekutumia bisi za mchele na sukari guru ya mtende. Anasema usiwagawie watu wa ofisini.

Mjomba wako,
Moksed


Khulna, 2 Machi

Mjomba wangu,

Nashika miguu yenu wote wawili. Kifua kimepona, na guru nimeila peke yangu kama nilivyoagizwa.

Mwambie Haripada hivi: zege zuri ni kavu na limeshikana, umeme ukitaka kupita unakwama. Zege lenye maji na chumvi linauachia njia. Nguzo zenu ziliuachia, Mjomba, kila nilipogusa. Nadhani mafundi walilikoroga kwa maji ya mto, na mto wetu ni nusu bahari. Chumvi imefika kwenye nondo, nazo zinaliwa na kutu huko ndani macho yasikofika.

Nimependekeza kimbilio lifungwe. Wakubwa wamekubali, na wameahidi jipya litajengwa kabla ya msimu wa tufani. Nakuomba kitu kimoja: usimfungulie mtu. Nikiwafikiria watu wote wale juu ya nguzo zile, usingizi unanipaa. Niahidi.

Binti yenu,
Rehnuma


Char Golbunia, 6 Aprili

Mpwa wangu,

Waalaikum salaam. Tuko wazima, joto tu limetuzidi. Jobeda anauliza kama unakula au unakunywa chai kutwa.

Nimekuahidi na nimefunga. Sasa jina langu ni Moksed Komeo. Wanafunzi waliokuwa wakisomea humo sasa wanasomea chini ya turubai, na mama zao wakinipita wanatema mate pembeni. Nayavumilia hayo. Lakini sijaona fundi wala tofali, na diwani anasema huenda mwakani.

Kwa hiyo nakuuliza, unijibu upesi. Je, jengo litaanguka, au linachakaa? Naona hayo ni mambo mawili.

Mjomba wako,
Moksed


Khulna, 11 Mei

Mjomba wangu,

Salamu kwako na kwa mkazamjomba. Nisamehe. Nilipelekwa Dhaka kikazi, na barua yako imenisubiri mezani muda wote huo.

Umeuliza swali ambalo hata ofisini hakuna aliyeniuliza. Chombo changu kinaniambia kutu inaweza kukimbia kwa kasi gani. Hakijui jengo litaanguka lini. Laweza kusimama miaka mingi bado. Nilikuandikia kwa hofu, nikasema kuliko ninavyojua.

Tufani ikija kabla ya jipya kujengwa, fungua. Ingizeni watu wote.

Binti yenu,
Rehnuma


Char Golbunia, 3 Juni

Rehnuma,

Salaam. Barua yako imefika jana. Boti za abiria zilikuwa zimesimama.

Tufani ilikuja Jumatatu, baada ya adhuhuri. Watu walijaa mlangoni na watoto mabegani. Haripada alikuwa na shoka mkononi. "Fungua, Mzee. Ukikataa navunja." Nikawaambia yote uliyoniandikia, chumvi, kutu, nondo. Nikawaambia litawaua wote kwa mpigo mmoja. Wangenibishia mimi, ila wewe ni mtoto wao. Haripada akashusha shoka, akasema, "Basi twendeni kwenye tuta la kuzuia mto." Jobeda ndiye aliyetangulia, amemshika mkono mama yake Haripada.

Tuta likakatika. Mimi maji yalinitupa kwenye mtende.

Jobeda tumempata Alhamisi, upande wa mabwawa ya kufugia kamba. Tumemzika pale palipokauka.

Kimbilio limesimama. Nimelizunguka lote nikitafuta ufa, hata mmoja, nipate la kuwaambia watu. Sikuuona.

Moksed


Char Golbunia, 20 Septemba

Mjomba,

Nashika miguu yako, ijapokuwa hukuniruhusu kuisogelea. Barua zangu zote hukuzijibu, ndiyo maana nimekuja. Nakuandikia nikiwa kwenye ngazi za kimbilio, nje ya chumba chako. Wanasema unakula kidogo na husemi na mtu. Nimetoka kaburini. Kuna mtu ameliwekea uzio wa mianzi, nadhani ni wewe.

Sikuja kuomba msamaha, sijui ningeuombaje.

Familia zisizo na nyumba zimehamia humu zote, nawe pia. Asubuhi nimepima tena, wanawake wakinitazama na sufuria zao mkononi. Bahari ilisimama kwenye nguzo hizi, na sasa umeme unapita kwa urahisi kuliko mara ile. Zege limeanza kumeguka upande wa mtoni. Ni kweli, Mjomba. Sijui niseme kwa maneno gani, maana yote nilishayatumia.

Nimemwambia Haripada. Amenisikiliza hadi mwisho, bila kebehi hata moja. Kisha akaniuliza kwa upole, "Tuhamie wapi?"

Naipitisha barua hii chini ya mlango. Boti inaondoka alasiri. Nipo hapa ngazini mpaka itakapopiga honi.

Mpwa wako,
Rehnuma