Shimo Lisilojaa

Jumatano, 2 Aprili 2025

Choo kimeziba tena. Nimemwaga maji asubuhi, yakapanda badala ya kushuka — mpaka kwa miguu yangu! Mvua imeanza juzi tu na septic, shimo la choo la marehemu mume wangu Joseph, imeshakataa. Dereva wa gari la kunyonya alishaniambia nisimwite tena, hii imezeeka, nichimbe ingine. Nichimbe na nani? Na wakwe wa Jerop wanakuja koito mwisho wa mwezi! Ukoo mzima utoke Moiben kuposa binti yangu, halafu waulize choo kiko wapi. Mungu wangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Makontrakta wawili leo. Bure kabisa.

Wa kwanza Kuria, ana ofisi mjini, viatu vinang'aa. Akanionyesha kwa simu picha za septic alizojenga, ati zote ni hapa Eldoret. Nyuma ya moja kuna minazi. Minazi, kama pwani! Nikamuuliza ni Eldoret gani hiyo. Akacheka, akafunga simu. Kwenda huko.

Wa pili Mulongo, wa mtaa wa Huruma. Ananuka pombe, lakini alizunguka ploti yote. Akasema shimo likae mbele karibu na geti, huko nyuma ni karibu sana na kisima cha jirani. Mbele! Pahali pa tenti! Wazee wakae juu ya mavi wakiulizana koo zetu, kama zinaweza kuoana? Nikamwambia nitampigia. Sitampigia.

Kisima ni cha Waceke, ng'ambo tu ya fensi. Maji ya mfereji hapa Munyaka huja yakipenda, kwa hivyo sisi hunywa kwake. Tangu Joseph afe hajawahi kufunga kile kigeti kidogo kati yetu, hata wakati wa fujo za uchaguzi, watu wengine walipokuwa wanafungiana milango.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepata mtu! Lawrence, mjomba wa Emmanuel anayemwoa Jerop. Kumbe hujenga septic, na hakuna aliyeniambia. Nimeimba jikoni peke yangu. Mtu anayekuja kuniomba binti hawezi kunidanganya, atanitazama na macho gani? Sikumuuliza alishajenga wapi. Mkwe haulizwi hayo.

Amekubali kuchimba nyuma, bila maneno mengi. Mbele itabaki safi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Watu wa Lawrence wamechimba mpaka wamefika maji. Nimeyaona na macho yangu, yanapanda kutoka chini, meusi. Nilidhani atashika kichwa. Wapi! Anafurahi! Ati Mama Jerop una bahati, shimo kama hili halijai milele. Uchafu utabebwa na maji huko chini kwa chini, hutaita tena gari la kunyonya.

Nikauliza utabebwa kwenda wapi. Akatupa mkono tu, kule. Kule ni kwa Waceke.

Nikamwambia basi ahamishe, au aweke sakafu na kuta za zege. Akainamisha kichwa kwa heshima, akasema tusianze ukwe na kukosana. Kwa heshima! Afadhali angenitukana, ningejua la kujibu.

Nikamwambia Jerop kesho namfukuza. Akalia. Aki Mum, huyo ndiye atasema kwa niaba yao siku hiyo. Subiri koito ipite. Lakini koito ikipita hilo shimo litakuwa limefunikwa, limejaa mavi ya watu. Nani atalifungua? Sitamfukuza. Najichukia.

Jumatatu, 21 Aprili

Wamefunika. Slabu, udongo, hata nyasi wamepanda. Ukipita hujui kuna kitu.

Waceke alikuja na chapati za Pasaka, amebeba mjukuu wake Waiyego mgongoni. Akauliza kama fundi aliweka sakafu huko chini. Aliuliza hivi hivi tu, akimpangusa mtoto kamasi. Nikasema aliweka. Maneno yalitoka kabla sijafikiri. Akasema basi ni fundi mzuri, nimpe namba yake.

Nikampa namba. Chapati zimelala hapo mezani, siwezi hata kuziangalia.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika chumbani. Nimewaambia natafuta leso.

Wako nje kwenye tenti. Wazee wameulizana koo, hakuna tatizo, shemeji zangu wanacheka. Jerop anapendeza mpaka nataka kulia. Na kila anayetoka chooni anasifu, ati maji yanashuka mara moja! Hakuna harufu! Nimepongezwa kuhusu choo kuliko kuhusu binti.

Waceke amechota maji kisimani kwake tangu asubuhi. Chai yote amepika yeye. Nilimwambia apumzike, akasema Jerop ni wake pia.

Sasa hivi nimepeleka chai. Wote wakachukua. Nikafika kwa Lawrence — akafunika kikombe na kiganja. Hapana Mama, mimi nipatie soda. Soda! Mzee wa kwetu, na baridi hii, anakataa chai! Wenzake wakamcheka, ati amekuwa Mzungu. Akacheka nao, akasema ati tumbo linamsumbua. Lakini mimi hakunitazama.

Anajua. Hakuwa mjinga wa kazi yake, alijua tangu maji yalipopanda, na akafunika. Na mimi nilijua, na nikanyamaza. Tofauti yetu ni soda.

Waceke anagonga mlango. Mama Jerop, unatafuta nini huko? Chai imeisha, nichote maji ingine? Ama ngoja kwanza nimpe Waiyego kikombe, amelilia maji tangu saa ile.

Nimesema usimpe.

Sasa anauliza kwa nini.