Mama, Hukunificha

Kihonda, Morogoro
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuuliza kwanza goti lako la kulia, maana najua baridi ya huko Newala ikianza goti nalo huanza maneno yake. Kisha nakuuliza presha, kisha usingizi. Kaka Hamisi aliniambia mikorosho ya juu imechanua vizuri mwaka huu, nikafurahi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umekataa kutulia. Tangu asubuhi nimeanza barua hii mara tatu na kuichana. Nimefagia chumba nilichokwisha kukifagia, nimetia mafuta cherehani isiyodai mafuta, nimetoka nje nikarudi. Sasa nimejilazimisha kukaa.

Ningeweza kupiga simu. Lakini simu yako huiweka kwenye spika ua mzima ukasikia, na neno hili nataka likufikie wewe kabla ya jirani yeyote. Nimeandika kwa herufi kubwa, kama zile ulizojifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, ili usome mwenyewe.

Neno lenyewe ni hili. Kuna kipande cha filamu kimeanza kuzunguka kwenye simu za watu. Kinamwonyesha mama akimfungia chumbani binti yake mlemavu kwa sababu wageni wamefika. Chini yake pameandikwa kuwa ni kisa cha kweli cha Somoe, fundi cherehani, mzaliwa wa Newala. Kama umekwisha kuonyeshwa, nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu. Kama bado, basi Mungu ameifikisha barua mapema.

Mimi sikusema hivyo, Mama. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Mwaka jana alikuja kibandani kwangu kijana anaitwa Fadhili, ameleta suruali ya kupunguza. Nikawa napima, yeye anatazama magongo yangu kuliko anavyotazama suruali. Mwisho akasema anatengeneza filamu. Si za kampuni. Anazitengeneza mwenyewe na wenzake aliosoma nao, kwa kamera ya kuazima na michango ya huku na huku. Akaniambia, "Dada Somoe, filamu zetu zinajua walemavu wa aina tatu tu. Ombaomba, aliyerogwa, na yule anayeombewa mwishoni akatupa magongo. Mimi nataka anayeamka, anafanya kazi, anagombana na wateja."

Nikacheka, maana asubuhi ile nilikuwa nimetoka kugombana na mteja.

Basi nikamsimulia yote. Homa ya utotoni, mguu wa kushoto ulivyolala usiamke tena. Ulivyonibeba mgongoni kila siku mpaka shuleni, tangu darasa la kwanza hadi la tatu, watu wakikuambia unajitesa na mtoto asiye na faida. Na ile asubuhi uliponishusha katikati ya njia, ukanipa magongo aliyonichongea mjomba, ukasema, "Mgongo wangu umemaliza kazi yake, sasa na wewe anza yako," ukatangulia bila kugeuka nyuma. Fadhili aliandika kila neno kwenye daftari. Alifuta macho. Nilimwona.

Walipoanza kupiga picha, kumbe wa kuniigiza wamemchukua binti wa Dar es Salaam, Neema, mwenye miguu yake miwili mizima. Nikauliza, "Kwani mimi sitoshi kujiigiza?" Fadhili akasema sura ya Neema inajulikana, watu watakuja kumtazama yeye. Mimi kazi yangu ni kumfundisha magongo. Halafu kwenye njia za mlimani, kule juu ya Mlali, Neema akawa hawezi kabisa kuteremka. Ikabidi mimi nivae gauni lake, nipigwe picha kwa mbali na kwa nyuma. Kwa hiyo katika filamu ile, Mama, miguu ni yangu na uso ni wa mtu mwingine.

Neema mwenyewe hana ubaya. Alichubuka makwapa siku ya kwanza, nikamwonyesha kuwa uzito hubebwa na mikono. Wanawake waliokuwa wakishuka na kabichi zao kutoka Mgeta walikuwa wakisimama kumpa pole. Picha ikikatwa, Neema anaegesha magongo ukutani, anaenda zake kunywa maji. Walicheka mpaka kabichi zikataka kuanguka. Kisha wakanigeukia mimi, wakasubiri na mimi niegeshe ya kwangu.

Siku ya tabu ilikuja tulipohamia nyumba moja pale Mlali. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, majirani wanamwita Mama Petro. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwendea Fadhili kumpa nyumba, alipopata habari filamu inahusu nini. Kila mtu alimshukuru. Mimi nilikuwa nimekaa uani nasubiri zamu yangu ya njiani, nikasikia mama wa kuigiza anamwambia Neema, "Ingia ndani! Wageni wakikuona watasemaje?" Mlango ukafungwa, komeo likasukumwa.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikaingia ndani na magongo yangu, nikapita mbele ya kamera.

"Huyo mama ni nani?" nikauliza.

"Ni mama yako, dada," Fadhili akasema. "Yaani wa kwenye filamu."

"Mama yangu hakunificha hata siku moja."

"Najua. Lakini mama yako wa kweli ni jabali tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna pa kumlilia mtoto. Watu lazima waumie kwanza."

"Basi toa hayo maneno ya kisa cha kweli. Toa na jina langu."

"Dada Somoe, hayo maneno ndiyo yatakayowafanya waje kutazama."

Nilitoka nikaenda kukaa kando ya barabara. Sasa hapa ndipo panaponinyima raha, na sitakuficha. Sikuondoka. Neema alinifuata akanibembeleza, na baada ya muda nikarudi, nikavaa gauni, nikateremka mlima mara nne mpaka Fadhili akaridhika. Sababu yake ni ya aibu. Nilitaka kuonekana, Mama. Miaka yote watu wananitazama njiani nisipotaka. Safari hii nilitaka mimi. Nikajiambia kuwa Newala ni mbali na filamu yenyewe ndogo, nani ataipeleka huko. Nilisahau kuwa siku hizi kila mtu ana simu.

Jambo moja nililiona siku ile nikalinyamazia. Katika kile chumba walichomfungia Neema, kulikuwa na kamba imefungwa kwenye nguzo ya kitanda, chini chini, imeng'aa kwa kushikwa. Na sakafu kutoka kitandani mpaka dirishani ilikuwa laini, kama palipokokotwa kitu miaka na miaka. Nikamuuliza Mama Petro kamba ni ya nini. Akasema alikuwa akifunga mbuzi mgonjwa. Mbuzi hashiki kamba kwa mkono. Nilijua hilo, nikarudi uani.

Wiki mbili zilizopita filamu ikaonyeshwa hapa mjini, mchana, katika ukumbi wa chuo kimoja. Watu walijaa. Walimu, wanafunzi, na wateja wangu niliowaalika mwenyewe kabla akili haijanirudia. Mlango ulipofungwa na komeo likalia, ukumbi mzima uliguna. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Wengine hawastahili kupewa watoto." Nikahisi kama nimekukalisha katikati ya watu wakutukane na mimi nikiwapangia viti.

Filamu ilipokwisha wakatuita mbele kuulizwa maswali. Mwanafunzi mmoja akasimama, kwa heshima kabisa, akauliza, "Dada Somoe, je, umeshamsamehe mama yako?"

Nikasema, "Sina cha kumsamehe. Mama yangu hakunificha. Alinibeba mgongoni miaka mitatu mpaka shuleni, mchana kweupe, mbele ya watu wote. Kile mlichokiona kimetungwa, na mimi nilijua, nikanyamaza. Anayestahili kuomba msamaha ni mimi."

Fadhili akatazama viatu vyake. Kisha mzee mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Kumbe tumelia bure!" Wengine wakacheka, wengine wakaanza kutoka.

Nilikuwa nje natafuta bodaboda niliposhikwa mkono. Mama Petro. Alikuwa amekuja kutoka Mlali, amevaa kitenge chake cha kanisani.

Nikamwamkia. Akasema, "Usiwaambie wakitoe kile kipande."

"Kwa nini, mama?"

"Si cha mama yako. Ni changu."

Akanieleza pale pale, tumesimama, msururu wa watu ukitupita. Ana binti, Agata, ana miaka kumi na sita. Alizaliwa na miguu isiyonyooka. Baba mtu alipoondoka alisema ukoo wao haujawahi kuzaa kitu kama kile. Tangu hapo mama alimweka ndani, mwanzo kwa kumwonea huruma, baadaye kwa mazoea. Petro ni mtoto wa pili, lakini mama huitwa kwa jina lake, si la Agata. Siku tuliyopiga picha, Agata alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake huko juu, asionekane. "Nilitoa nyumba ili mjue," akaniambia. "Nilidhani mtauliza. Wewe uliuliza, mimi nikakujibu mbuzi."

Alilia. Mimi sikuweza hata kumkasirikia. Nimezunguka na neno hili siku zote zile, nikishona mikono ya nguo mahali pa shingo. Uongo uliokuumiza wewe ulikuwa ni ukweli wa mtu mwingine, na mimi sijui niuweke wapi.

Jumatano nilipanda kwenda Mlali. Nilibeba magongo yangu ya akiba, nimeyakata kwa kukisia. Agata alikuwa amekaa kitandani, ameshika ile kamba. Mabega yake mapana, Mama, kama ya mtu anayetwanga kila siku. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kumtia moyo. Hakuyangoja.

"Mvua ikinyesha unaendaje chooni?" akauliza.

"Nafunga mpira wa tairi chini ya magongo. Na bado naanguka."

"Ukianguka mbele ya watu?"

"Nainuka. Wengine wananisaidia hata nisipotaka."

Akafikiri. "Na kwenye gari la abiria, unatangulia kupanda wewe au magongo?"

Tuliongea hivyo mpaka chai ikapoa. Hakuuliza hata mara moja kama nina huzuni. Kisha nikampa magongo. Yalikuwa marefu kidogo. Tulitoka uani, mama yake akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Jirani aliyekuwa akianika mahindi alisimama na ungo wake. Agata alikwenda hatua sita, akaanguka vibaya, akakaa pale chini kwenye jua akitazama milima kana kwamba ameambiwa bei yake. Nikataka kumwinua. Akasema, "Ngoja."

Ijumaa Fadhili alikuja kibandani. Amekonda. Alisema ameondoa jina langu na yale maneno ya kisa cha kweli. Walichokwisha kutumiana watu hawezi kukirudisha, na hilo aliniomba radhi kwa magoti, kweli kwa magoti, mbele ya wateja. Ameomba pia nikuandikie kuwa yuko tayari kuja Newala kukuomba wewe mwenyewe. Nimemjibu kuwa hilo ni lako kuamua. Kisha nikamweleza habari za Mlali, kwa ruhusa ya wenyewe. Nikaona macho yake yanaanza kung'aa kwa ile njaa yao ya picha. Nikamwambia, "Safari hii hutaandika lolote mpaka umuulize mwenye kisa. Si mama yake. Yeye."

Jana tulikwenda wote. Fadhili alikaa kwenye mkeka, akamweleza Agata kwa upole kwamba anataka kukipiga upya kile kipande, awe yeye badala ya Neema, mle mle chumbani, dirisha lile lile, kamba ile ile. Alisema itakuwa na nguvu sana.

Agata alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, kile chumba nimekichoka. Kama unataka kunipiga picha, nipige nje."

Fadhili akafunga daftari. Wanaanza wiki ijayo, uani.

Mama, hiyo ndiyo habari yote. Sijui utaisoma kwa uso gani, na kutokujua huko ndiko kunakoniinua kwenye kiti kila baada ya mstari. Ukiwa na hasira nami, niambie kwa kalamu yako, hata maneno mawili. Nitayavumilia kuliko kimya. Na wakikuletea simu wakuonyeshe, sema kwa sauti yako ile ya sokoni kwamba yule si wewe. Waambie binti yako ameliandika hilo kwa mkono wake, na karatasi hii uwape waisome.

Nisalimie Kaka Hamisi na wifi. Nisalimie mjomba fundi seremala, umwambie miti yake sijaisahau. Bibi wa nyumba ya pili mpe shikamoo yangu, na yule shangazi aliyekuwa akisema huna mgongo wa kutosha, naye mpe salamu, ni mzee sasa.

Nakushika miguu kutoka huku chini ya milima.

Mwanao,
Somoe