Taa za Ukungu na Kiti cha Mjini

Nyumbani,
Nyuma ya ghala la mbao,
Jumatano, 15 Julai.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba ule mgongo wako umeacha kukusumbua. Kama bado, mwambie wifi akukande kwa maji ya moto na asikuhurumie. Sisi huku ni wazima. Mama hajambo, Baba naye hajambo, ila ana mafua yaliyomng'ang'ania kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi ni yuleyule. Shule zimefungwa, wanafunzi wangu wamekwenda kuwachosha wazazi wao, nami nimepata nafasi ya kukaa kitako nikuandikie.

Kwanza asante kwa kifurushi. Kila kitu kimefika salama. Kitambaa cha wifi kimenikaa vizuri mno, na Baba alisema hahitaji soksi, kisha akazivaa siku hiyohiyo na hajazivua. Lakini zile taa mbili za ukungu ulizomnunulia Mama ndizo zilizotuletea mambo, kwa hiyo vuta kiti.

Kilima cha kwenda kliniki unakijua. Mwaka huu ukungu umekuwa mzito hata ukinyoosha mkono huoni vidole. Mama bado anakipanda kila alfajiri na kale kagari kake, Kobe, maana watoto hawangoji jua lichomoze ndipo wazaliwe. Mwezi uliopita ukingo wa barabara ulimpotea, gurudumu la mbele likaingia mtaroni. Hakuumia hata ukucha. Ndiyo maana alikuagiza taa bila kukueleza za nini. Tulikubaliana tusikwambie, lakini hukunipa jina la Chiriku bure.

Baada ya kisa hicho, msimamizi wake kazini akamwonea huruma kwa umri wake na kumtafutia nafasi mjini: kukaa ofisini kwenye kiti cha kuzunguka, kupanga kadi za wagonjwa, karibu na nyumbani, bila kilima wala mtaro. Alitakiwa kujibu Jumatatu. Baba alifurahi kama aliyepewa kiti hicho yeye. Mama hakusema neno. Jioni ile nilimkuta akipiga pasi sare yake ya ukunga, nayo ilikuwa imeshapigwa pasi na kukunjwa. Iliniuma, Kaka. Unajua yule mwanamke bila wajawazito wake atakuwa nani.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo ulikuja tukiwa mezani. Mama aliweka kijiko chini akamtazama Baba.

"Mume wangu, unaogopa kilima au unaogopa ukungu?"

"Naogopa ukungu. Kilima hakijawahi kunikosea."

"Basi taa hizi hapa. Zifunge. Ukikaa kando yangu ukauona ukingo wa barabara kwa macho yako, kiti cha mjini apewe mwingine. Usipouona, nitakikalia mimi, na hutanisikia nikilalamika."

Walipeana mikono juu ya sahani. Nilicheka hadi nikapaliwa. Hebu fikiria: anayetaka Mama ashindwe ndiye fundi wa kumfanya ashinde. Baba alikuwa amejifunga goli mwenyewe, na alitambua hilo mkono ukiwa bado umeshikwa.

Lakini Fundi Mstari ni Fundi Mstari. Jina hilo majirani hawakumpa kwa upendeleo. Miaka yote aliyofunga umeme kwenye nyumba za watu, waya zake zilinyooka kama mistari ya daftari, na kwenye kona zilikata pembe kali kabisa. Roho yake ilitaka Mama akae ofisini, mikono yake ikakataa kufanya kazi mbovu.

Jumamosi nilimshikia vifaa tangu chai ya asubuhi. Kabla ya yote alichomoa waya wa hasi kwenye betri, asije akaunguza kitu au kujiunguza. Halafu akaweka fyuzi karibu kabisa na betri. Aliniambia kwamba fyuzi ni mlinzi, na mlinzi hukaa getini, hakai chumbani. Akafunga na rilei, kile kijisanduku kinachobeba umeme mwingi wa taa ili swichi ya ndani isibebeshwe mzigo usio wake. Hapo nilimwona fundi hasa.

Palipomtatiza ni pale maelezo yaliposema waya wa kurudishia umeme ufungwe kwenye bodi ya gari. Alisimama na waya mkononi kama aliyeambiwa aufunge shingoni mwa mtu. Kwenye nyumba, umeme ukigusa chuma ni msiba. Ilibidi Mama amwite yule jirani dereva wa lori amhakikishie kwamba gari ndivyo lilivyoumbwa, bodi yenyewe ndiyo njia ya kurudi. Baba akakwangua rangi hadi chuma kikang'aa, akaufunga, na bado aliigusa bodi kwa kidole kimoja kama anayejaribu pasi.

Sasa sikiliza alichokifanya. Zile waya laini zilizokuja na taa zako alizitazama, akazipinda, akazitupa kwenye kapu la takataka.

"Huu ni uzi wa kushonea," akasema. "Kaka yako wamemwuzia uzi."

Akaenda kwenye sanduku lake akatoa waya wa nyumba, ule mgumu wenye shaba moja nene ndani. Akaulaza pale chini ya boneti kwa vibanio vyake vya ukutani, umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo, ukapita ubavuni mwa injini, ukakata kona, ukashuka hadi kwenye bampa. Nakuapia ilipendeza. Dereva wa lori alitaka kusema kitu, akatazamwa, akakumbuka ana safari.

Tukasogeza Kobe mbele ya ukuta wa ghala, tukawasha. Baba akaziinamisha taa hadi mwanga ukalala chini, usije ukawapofusha wanaokuja mbele. Njano tupu, safi. Mama alipiga makofi. Baba alikohoa, akajisahau akatabasamu, kisha akakumbuka upande alioko akanuna tena.

Jumapili alfajiri tukapanda kilima kujaribu, Mama kwenye usukani, Baba kando yake, mimi nyuma nimekumbatia chupa ya chai. Ukungu ulikuwa umejaa pomoni. Taa zikaufagia kwa chini, na ukingo wa barabara ukaonekana waziwazi, majani yake na kokoto zake. Nilimwona Baba akiinamia kioo. Mama naye alianza kuimba kwa mbali. Tukafika pale penye mashimo, Kobe akatikisika kushoto, akatikisika kulia, na taa zako zote mbili zikazimika.

Mama akasimamisha gari pembeni. Hakuimba tena. Nikasema basi, kiti cha mjini kimempata mwenyewe. Baba alihitaji neno moja tu ashinde. Badala yake alichukua tochi, akashuka, akafungua boneti, akainama humo muda mrefu. Tulimfuata. Waya ulikuwa umekatika palepale kwenye kona yake nzuri kuliko zote, na ncha yake imegusa chuma. Fyuzi ilikuwa imekatika, nayo ndiyo iliyotuokoa, maana bila mlinzi yule wa getini tungekuwa tunazima moto.

"Nyumba haitikisiki," Baba akasema.

Akaishika ile ncha iliyokatika, akaimulika kwa tochi.

"Injini inacheza, bodi inacheza, barabara inawachezesha wote. Mimi nimeufunga waya kama vile gari ni ukuta. Ule uzi ulikuwa sahihi."

Mazoea yana taabu, Kaka. Alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyeaibika mbele ya kazi yake, na mambo ya nani kashinda yalikuwa yamemtoka kichwani kabisa. Mama akajifunga kanga vizuri, akachungulia.

"Hata mimi ningekuambia. Mtoto tumboni ana kamba ndefu ili apate kugeuka. Ingekazwa hivi, hakuna ambaye angezaliwa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeninunia."

Tulicheka hapo kando ya barabara mpaka chai ikamwagika. Kisha Mama akatuteremsha polepole kwa taa za kawaida, na Baba njia nzima hakutoa neno ila kuhesabu makosa yake mwenyewe kwa vidole.

Mchana kutwa alirudia kazi upya. Aliziokota zile waya laini kwenye takataka, akazifuta maganda ya viazi, akazivisha mpira wa kuzikinga. Akazipitisha mbali na injini na mbali na bomba la moshi. Tundu la kuingilia ndani ya gari akalitia mpira, bati lisije likazikwangua waya. Mama alikaa kwenye kigoda na kikombe chake, akisimamia kama yuko wodini.

"Legeza kidogo hapo."

"Nimelegeza."

"Legeza tena."

Na Baba, ambaye maisha yake yote hakuacha waya upinde hata kidogo, akaacha kitanzi cha nafasi kila mahali palipotikisika. Ilimwuma, niliona. Kila akimaliza kimoja alifumba macho kidogo.

Jumatatu, siku ya kutoa jibu, walipanda tena, na mimi sikukubali kubaki. Tukafika penye mashimo. Kobe akatikisika mpaka mlango wangu ukalia, na taa hazikupepesa. Baba akasema ameuona ukingo. Alisema hivyo tu, akageukia dirishani.

Tulipofika kliniki kulikuwa na mwanamke ameketi kwenye benchi la nje, ameshikwa na uchungu hasa, mumewe amemshika bega hajui la kufanya. Mama alitoka garini injini ikiunguruma, taa zikiwaka, mlango wazi. Hakutuaga. Nilimwona akimshika yule mama mkono, akimnong'oneza kitu, na yule aliyekuwa analia akainuka akatembea. Umri wote ule wanaouzungumzia sikuuona. Baba, ambaye hajui kuendesha hata baiskeli ya magurudumu matatu, akabaki ameketi kwenye kiti chake, ameweka mikono juu ya magoti.

Hatukukaa sana. Sauti ya mtoto ikatoka dirishani, kali, yenye hasira, ikapenya ukungu wote ule. Nilimtazama Baba. Alikuwa analia, Kaka, na soksi zako mpya miguuni. Miaka yote Mama amekwenda kazini na kurudi, yeye hakuwahi kufika pale akasikia.

Mama alipotoka, amechoka na uso unang'aa, alisimama mbele ya taa akasubiri.

"Waambie kiti wampe mwingine," Baba akasema. Kisha akainama akazima swichi, kwa sababu ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na taa za ukungu haziwashwi ovyo.

Hizo ndizo habari zetu. Mama ameshampa msimamizi jibu lake na amerudi kuimba. Mtoto ni wa kike, naye ni mjukuu wa mtaa mzima sasa.

Nisalimie wifi na umwambie kitambaa kimesifiwa. Watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Bibi anakusalimu na anauliza kama unakula, Mjomba Miwani anakusalimu pia, na dereva wa lori anasema alijua tangu mwanzo.

Baba kila nikikuandikia huniamuru niweke mwishoni swali lake, unarudi lini, na nilipigie mstari. Leo nimemsomea barua hii, nikamwuliza kama niliweke. Akafikiri, akasema hapana.

"Mwandikie nimemwachia waya mrefu."

Akaenda hadi mlangoni, akarudi.

"Na mwandikie kwamba ncha ya huku nimeikaza mwenyewe."

Mungu akulinde kwenye kila njia usiyoiona mwisho wake, na akupe wa kukumulikia.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
dada yako mdogo,
Chiriku.